Nilikuwa Mkalimani wa Mtaalamu wa Bei

Mtu aliyetuambia tusiuze pamba alizungumza Kiswahili. Aliyewaambia watu wa Sapiwi wasiuze, kwa Kisukuma, kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliokaa nyuma kabisa, nilikuwa mimi. Miaka mingi imepita tangu wakati ule. Wenzangu wananiambia nisahau, na wengine wanacheka kwamba mwalimu mstaafu bado ana ugomvi na bei ya pamba ya zamani. Waache wacheke. Nina hasira, na nitaeleza kwa nini.

Ilikuwa miaka ya tisini. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na hakuna aliyekuwa amesikia neno mkoa wa Simiyu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Sapiwi, nikiwa kijana, bado sijaolewa. Tangu nizaliwe pamba yetu ilikuwa inauzwa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Bei ilitangazwa redioni mwanzo wa msimu, na bei hiyo hiyo ndiyo iliyokutana nawe uwe wa kwanza kwenye mizani au wa mwisho. Chama kilikuwa na matatizo yake, na sisemi kilikuwa kizuri. Lakini sikumbuki mkulima hata mmoja aliyekaa akijiuliza kama auze Jumatatu au asubiri Ijumaa. Swali hilo halikuwepo.

Soko huria lilipoingia, swali hilo likaja nalo. Wanunuzi binafsi walifika na mizani zao, kila mmoja na ubao wake mweusi ulioandikwa bei ya siku kwa chaki. Asubuhi ungeona bei hii, mchana mtu anafuta kwa kiganja na kuandika nyingine. Wazee walisimama mbele ya mbao zile kama watu waliofika hospitali na kukuta milango yote imefunguliwa na hawajui waingie upi.

Hapo ndipo kampuni moja ya wanunuzi ilipotuletea mtaalamu. Alikuja na pikapu nyeupe, shati la mikono mirefu limepigwa pasi hadi kwenye kola, kalamu mbili mfukoni. Hakuja kununua. Alisema amekuja kuelimisha wakulima kuhusu mwenendo wa soko, na kwamba ofisi yake inapata habari za bei kutoka nje kila wiki. Watu walijaa darasa la sita mpaka madirishani. Vijana na wanaume wengi walimwelewa, lakini kina mama wakubwa na wazee, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha gulioni na cha zahanati, walianza kunong'onezana. Mwalimu mkuu akanigeukia.

"Mwalimu, simama hapo mbele umtafsirie mgeni."

Nikasimama. Sitaficha kwamba niliona fahari. Mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu anazungumza, kisha ananyamaza, ananitazama, anangoja nimalize. Kwa kuwa sikutaka kupoteza neno lake, nilichukua daftari la mazoezi na kuandika kila alichosema kabla ya kukisema kwa Kisukuma. Juu ya ukurasa niliweka tarehe, kama ninavyofanya ubaoni kila asubuhi.

Mwaka huo wa kwanza alisema bei ingepanda kabla ya mwezi wa saba kuisha, na mwenye uwezo wa kusubiri asubiri. Ikapanda kweli. Waliosubiri walipata zaidi ya waliokimbilia mizani. Msimu ulipofungwa wakulima walichangishana wakamnunulia kondoo, akambeba kwenye pikapu yake akicheka. Mimi nami nilipata sehemu yangu ya sifa. Nikipita njiani, kina mama waliweka ndoo chini na kunisalimia, "Mwangaluka, mwalimu," kwa heshima iliyozidi umri wangu, kana kwamba bei nimeipandisha mimi. Na mimi niliitikia kana kwamba ni kweli.

Sasa nimlete mama yangu mkubwa, kwa sababu yeye ndiye anayenifanya niandike haya. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijaanza shule, na dada yake huyu ndiye aliyenilea. Mume wake naye alikuwa ameshafariki. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na alilima pamba kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe wawili aliokuwa akizungumza nao zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Nilimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu sote. Msimu wa pili wa yule mtaalamu ulimkuta mayu anajenga. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwenye nyumba ya nyasi, na sasa alitaka nyumba ya bati. Alifyatua tofali za udongo mwenyewe, kiangazi chote, akazianika, akamwita fundi. Kufikia mwezi wa sita kuta zilikuwa zimesimama mpaka juu ya milango. Kilichobaki kilikuwa mbao na mabati, na mabati yalikuwa yatoke kwenye pamba.

Tofali zile hazikuchomwa. Kuchoma kunataka kuni nyingi, na kuni kwetu ni taabu. Tofali mbichi zikifunikwa na bati zinadumu miaka na miaka. Zikibaki wazi, mvua inazirudisha kuwa tope. Mayu alijua hilo. Mtoto wa darasa la kwanza wa Sapiwi anajua hilo.

Mizani zilipofunguliwa, bei ilikuwa chini kidogo ya ile ya mwaka uliotangulia. Haikuwa mbaya. Mayu alifunga magunia yake ya kwanza tayari kupeleka. Wiki hiyo hiyo pikapu nyeupe ikaja, darasa la sita likajaa tena, nami nikasimama mbele na daftari langu.

Alisema hivi, naandika kama ilivyo kwenye daftari: "Bei imeyumba kidogo kwa sasa. Kuna matarajio makubwa kwamba huenda ikapanda kabla ya mwisho wa mwezi wa saba. Mkulima atakayevumilia atafaidika."

Nami nikasema kwa Kisukuma: "Bei itapanda kabla ya mwezi wa saba kuisha. Msiuze. Subirini, mtapata."

Niliporudi nyumbani nilimkuta mayu ameketi juu ya gunia moja uani, anachambua pamba iliyokuwa na majani.

"Ng'wana wane," aliniambia, yaani mwanangu, "mimi nataka mabati tu. Sitaki utajiri. Pamba hii ya leo inatosha mabati?"

"Inatosha, mayu. Lakini ukisubiri mwezi mmoja itatosha mabati na milango, pengine na saruji ya sakafu."

"Wewe una uhakika?"

"Mwaka jana alisema, ikawa."

"Basi wewe ndiye uliyesoma," akasema, akafungua gunia alilokuwa amelifunga.

Mwezi wa saba ukaisha. Bei ilishuka. Siku moja karani wa mizani alifuta ubao mara mbili kabla ya saa sita, na mara zote mbili alichoandika kilikuwa kidogo kuliko alichofuta. Watu wakaanza kunisimamisha njiani, safari hii bila kuweka ndoo chini. "Mwalimu, mtu wako anasemaje?" Mtu wangu! Nikamtetea. Nikasema ngojeni aje, ataeleza.

Akaja. Shati limepigwa pasi vile vile. Akasema: "Haya ni marekebisho ya soko tu. Bei imefika chini kabisa. Haiwezi kwenda chini zaidi ya hapa." Mzee mmoja aliuliza kama auze nusu apeleke mtoto hospitali. Mtaalamu akamjibu kwa upole kwamba uamuzi ni wake, lakini anayeuza wakati kama huu anauza kwa hofu. Nilitafsiri neno kwa neno. Yule mzee akaona aibu kuitwa mwoga mbele ya watu, na hakuuza wiki hiyo.

Mwezi wa nane ukaenda chini zaidi ya hapo. Chini sana. Mtaalamu alikuja mara ya mwisho akiwa na haraka, injini ya pikapu ikiunguruma nje ya dirisha, akasema kuna wanunuzi wakubwa wa nje wanategemewa kurudi sokoni katikati ya mwezi wa tisa, na wakati huo bei itageuka. Nikatafsiri hilo nalo. Nilikuwa nimeanza kuogopa, lakini ningesema nini? Mimi nilijua kufundisha hesabu na kusoma. Habari za nje za kila wiki zilikuwa kwake.

Wakati huo wote pamba ya mayu ilikuwa ndani. Asiyewahi kukaa nyumba moja na pamba ya msimu mzima hawezi kujua ni nini. Ilijaa kutoka ukutani hadi kwenye kitanda chake, ikapanda mpaka chini ya paa la nyasi. Hakuweza kuwasha moto ndani, akawa anapikia uani, upepo wa kiangazi unampulizia majivu kwenye ugali. Panya walizaliana humo. Mbuzi walivunja mlango mara mbili wakala mbegu pamoja na nyuzi. Vumbi liliingia kooni, akawa anakohoa, na kila nilipokwenda kumsalimia alikuwa akiniambia, "Bado mwezi wa tisa," kama anayenifariji mimi.

Mwezi wa tisa hakuna mnunuzi mkubwa aliyekuja. Mizani za Sapiwi zilishushwa moja baada ya nyingine, mbao za bei zikapakiwa kwenye malori, na tukasikia imebaki mizani moja Dutwa. Mayu alipakia mkokoteni wa ng'ombe akaenda. Nilifuatana naye, nikiwa nimeomba ruhusa shuleni. Tulipanga foleni na watu wengine wengi wa aina yetu, waliokuwa wamesubiri. Karani aliingiza mkono ndani ya gunia lake, akatoa kiganja cha pamba, akakipuliza.

"Hii fifi," alisema. Fifi ni pamba ya daraja la chini, ile chafu.

"Ilikuwa nyeupe," mayu akamwambia. "Mwezi wa sita ilikuwa nyeupe kama maziwa."

"Mama, mimi napima ya leo."

Alipima ya leo, kwa bei ya leo, kwa daraja la fifi. Mayu alizifunga pesa zile kwenye ncha ya kanga. Njiani sikuhitaji kumuuliza kitu. Zisingeezeka hata chumba kimoja.

Mvua zilianza mapema mwaka ule. Tulijaribu kufunika kuta kwa nyasi na mabua ya mtama, na upepo ukayaondoa. Asubuhi moja, kabla ya kengele ya shule, mtoto wa jirani alikuja kuniita. Nilikuta ukuta wa upande wa magharibi umelala chini, na mwingine umejikunja katikati, unadondoka taratibu, kipande kwa kipande. Tofali alizofyatua kiangazi chote zilikuwa tope jekundu lililoanza kutiririka kuelekea mtamani. Mayu alikuwa anachomoa fremu ya mlango isije ikavunjika. Nilisimama nikasema, "Mayu." Akasema, "Shika upande huo." Nikashika. Hakunilaumu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Angenitukana ningepona upesi zaidi.

Wakati wote huo wa mvua, wa palizi na wa njaa ndogo ya mwezi wa pili, pikapu nyeupe haikuonekana. Hakuna mtu aliyekuja kusema, jamani, yale tuliyowaambia yamekuwa vinginevyo. Na hili ndilo linalonichoma mpaka leo. Kukosea bei si dhambi. Bwana shamba anakosea kuhusu mvua, daktari anakosea kuhusu homa. Lakini daktari kesho yake anakutana na mgonjwa wodini. Huyu alikosea, akafunga kioo cha gari, akaenda kupokea mshahara wake.

Msimu uliofuata akarudi! Mwezi wa sita ule ule, kola ile ile. Mwalimu mkuu akaniambia nikamtafsirie. Nilitaka kukataa, kisha nikachukua daftari langu nikaenda.

Darasa halikujaa kama zamani, lakini watu walikuwepo. Mayu alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yamempanda kifuani kwa ufupi wa dawati. Mtaalamu akaanza.

"Mwaka jana ulikuwa mgumu kwetu sote."

Nikatafsiri. Watu wakanung'unika kwenye lile "sote."

"Lakini mwaka huu dalili ni nzuri. Bei itaanza chini, kisha kuna matarajio itapanda. Ninawashauri msikimbilie mizani."

Akanyamaza, akanitazama, akangoja. Sikutafsiri. Nilifungua daftari.

"Samahani, mtaalamu," nikasema kwa Kiswahili. "Kabla ya hilo, naomba niwasomee watu uliyosema mwaka jana, ili wapime."

Nikasoma. Tarehe, kisha maneno yake, kisha Kisukuma chake. Ile ya mwezi wa sita, ile ya marekebisho ya soko, ile ya wanunuzi wa nje. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati. Nilipomaliza, yule bwana alitabasamu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo lilinitia hasira zaidi.

"Mwalimu ni hodari wa kutunza kumbukumbu," akasema, na baadhi ya watu wakacheka. "Lakini hebu soma tena ile ya kwanza. Nilisema bei itapanda? Au nilisema huenda ikapanda?"

Nikatazama. Neno huenda lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wazi kabisa.

Kisukuma kina namna zake za kusema jambo lisilo na uhakika, hakina upungufu wowote. Sikuzitumia tu. Nilipenda sauti yangu ikiwa na uhakika. Nikawageukia watu nikasema kwa Kisukuma: "Anasema alisema huenda. Ni kweli, alilisema, limeandikwa hapa. Mimi sikuwaambia huenda. Niliwaambia itapanda."

Mwanamume mmoja akasimama nyuma. "Kwa hiyo ni wewe?"

"Ni mimi pia," nikajibu. "Kwa hilo la kwanza ni mimi pia, na naomba mnisamehe. Lakini sikilizeni la pili. La pili hakuna huenda." Nikalisoma tena, Kiswahili na Kisukuma. "Haiwezi kwenda chini zaidi ya hapa. Na aliyetaka kuuza akaambiwa ana hofu."

"Ile ni lugha ya kitaalamu," mtaalamu akasema. "Soko la dunia, Mwalimu, haliendeshwi kutoka hapa. Hakuna aliyetegemea hali ile."

"Wewe ulikuja kutuambia ya kutegemea," nikasema. Mwalimu mkuu akakohoa, akaniambia niache ubishi, nimtafsirie mgeni alichokuja kusema. Nikamwambia sitafsiri tena. Akaniambia tutaonana ofisini.

Ndipo mayu alipoinuka. Alichukua muda kujichomoa kwenye dawati. Aliongea Kisukuma, polepole, akimtazama yule bwana.

"Ng'wana wane, hayo yake usiyalete huku tena. Haya yangu mpelekee. Muulize, zile siku alizotuambia tusubiri, yeye alikuwa na nini kinachosubiri? Ana shamba? Ana nyumba iliyokuwa inangoja mabati? Bei iliposhuka, yeye kwake kulishuka nini?"

Hayo niliyatafsiri. Niliyatafsiri moja moja, bila kuongeza na bila kupunguza, na nadhani ndiyo tafsiri pekee niliyofanya vizuri katika misimu yote ile.

Yule bwana akapoteza tabasamu lake kidogo. Aligusa kalamu zake.

"Mwambie mama kwamba mimi ni mwajiriwa," akasema.

Nikamwambia mayu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anataka kujua. "Basi," akasema, akatoka nje. Watu kadhaa wakamfuata, nami nikiwa mmoja wao. Wengine walibaki kusikiliza, na kijana mmoja wa pale akachukua nafasi yangu ya kutafsiri.

Ningependa kusema kwamba mwaka huo mtaalamu alikosea tena. Hakukosea. Mayu aliuza siku ya kwanza mizani zilipofunguliwa, pamba yote, nyeupe, kabla hata vumbi la njiani halijatulia, na bei ilikuwa ya chini kama alivyosema. Wiki tano baadaye bei ikapanda, nayo kama alivyosema. Waliobaki darasani siku ile walipata zaidi kuliko sisi tuliotoka.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa amenionya kwa maandishi. Safari hii alikuwa anafurahi.

"Umeona? Ulimwonea bure mtaalamu wa watu."

"Sikumwonea."

"Misimu mitatu, kapata miwili. Hizo si alama mbaya. Wewe mwenyewe mtoto akipata hizo unampasisha."

"Aliipata miwili ambayo hata asingekuja tusingeumia," nilimjibu. "Bei ikipanda, aliyesubiri anashukuru na aliyeuza mapema bado ana pesa zake. Tulimhitaji mwaka mmoja tu, mwaka wa kushuka, na mwaka huo ndio alituambia mara tatu tukae ndani ya nyumba inayoungua."

"Una maneno mengi."

"Ninayo, mwalimu mkuu."

Sijui kama nilimshawishi. Najua mtaani walianza kumsifu tena yule bwana, na kwamba jina langu lilikuwa la mwalimu aliyemkorofisha mtu mwema. Hata jirani ya mayu, ambaye pamba yake ilikuwa imeoza msimu uliotangulia, alisema, "Sasa mtu akipatia si tumsifu?" Nilitaka kumshika mabega nimtikise.

Siku habari za kupanda kwa bei zilipofika, mayu alikuwa na fundi juu ya paa. Alikuwa amejenga upya, nyumba ndogo zaidi, vyumba viwili badala ya vinne, na tofali nusu alikuwa amezichoma kwa kuni alizokusanya mwaka mzima. Mtu wa baiskeli aliyetoka Dutwa alisimama barabarani akapiga kelele kuwaambia watu bei mpya. Nilimtazama mayu. Nilitegemea ataniuliza jambo, au hata atajutia. Yeye alimwambia fundi, "Mbona umeacha kugonga?" Fundi akaendelea. Nikamuuliza kama haumii. Akanijibu kwamba angeumia kama angekuwa bado amekaa na pamba ndani, anahesabu miezi ya watu wengine.

Mara ya mwisho kumwona yule bwana ilikuwa Lamadi, miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa natoka Mwanza kwenye mafunzo ya walimu, nimeshuka kusubiri gari la Bariadi, nikaingia mgahawa wa kando ya barabara kuu kula sato wa kukaanga. Yeye alikuwa meza ya pili, amenenepa, shati bado limepigwa pasi. Alikuwa na wanawake wawili wauza samaki, anawaeleza kuhusu bei ya dagaa na jinsi ya kusoma soko. Kampuni yake ya pamba ilikuwa imeshafungwa, na sasa alikuwa kwenye mradi fulani. Walipoondoka, nikamwendea nikamsalimia. Hakunikumbuka. Nikamtajia Sapiwi, darasa la sita, pamba.

Uso wake ukafunguka. "Ah! Mwalimu mkalimani! Sapiwi nawakumbuka sana. Wale wakulima wakarimu. Mwaka ule niliwaambia itapanda, ikapanda kweli, unakumbuka? Mara mbili!"

"Na ule mwaka wa katikati?"

"Upi huo?"

Alikuwa hatanii. Nilimtazama machoni nikaona kweli hakumbuki. Ule mwaka kwake haukuwepo. Nikamweleza: pamba ndani mpaka mwezi wa tisa, mizani moja ya Dutwa, fifi, mvua, kuta za mama yangu mkubwa. Alisikiliza kwa adabu, akaweka uma chini.

"Pole sana, Mwalimu," akasema. "Soko la dunia lilituangusha wengi kipindi kile." Kisha akamwita mhudumu. "Mletee Mwalimu soda baridi, mimi nitalipa."

Nikamwambia asijisumbue. Soda ilipokuja nililipa mwenyewe, nikainywa nikiwa nimesimama mlangoni, na gari la Bariadi lilipofika nikapanda bila kumuaga. Jirani yangu kwenye kiti aliniuliza kama nimeibiwa, jinsi nilivyokuwa nahema. Nilimwambia hapana. Tulipita mashamba, pamba ikiwa imepasuka nyeupe pande zote mbili za barabara, na mpaka tunaingia Dutwa nilikuwa bado natunga maneno ambayo ningemwambia, moja kali kuliko lingine, na gari limeshanipeleka mbali naye.